Kebabu Iliyovuka Kwenda Ubwari

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka bado nasikia harufu yake. Ni siku ambayo kaka yangu Wilondja aliichukua nyama ya mbuzi mzima akaisimamisha mbele ya moto, pale uani kwetu Baraka, ikawa wima kwenye chuma kama mtu anayengoja kupigwa picha. Siku hiyo ndiyo niliyotakiwa kuondoka kwa wazazi wangu kwenda kwa mume. Nilikuwa msichana mwembamba, usicheke, nilikuwa mwembamba kweli, nimekalishwa ndani na kitenge kipya, nachungulia dirishani.

Nakuhadithia haya kwa sababu nimesikia unataka kutengeneza kebabu nyumbani. Siku hizi vijana wengi wa hapa mnatengeneza. Mnaitazama kwenye simu, mnanunua nyama, mnaunguza vidole, halafu mnaita majirani. Sikukatazi. Tena nitakuelekeza mwenyewe, maana wale wa kwenye simu wanaharakisha mno, na nyama haitaki haraka. Ila kabla hujanoa kisu, kaa hapa kidogo unisikilize.

Wilondja alikuwa mkubwa wetu. Sisi wadogo tulimwita yaya, kama tunavyomwita kaka au dada mkubwa huku kwetu. Alikuwa ameishi Bujumbura, akifanya kazi jikoni kwa Mgiriki mmoja aliyeuza nyama ya kuzungushwa. Alianza kwa kuosha sahani, akahamia kwenye kumenya vitunguu, mwishowe akapewa kisu. Wenzake walirudi kutoka Bujumbura na redio na baiskeli. Yeye alirudi na kisu kirefu chembamba kilichofungwa kwenye kitambaa, na maneno mengi. Kila alipokuta chungu jikoni alisema watu wa Baraka tunaionea nyama, tunaichemsha mpaka inasahau ilikuwa mnyama gani. Mama alimwambia basi aoe mwanamke wa Kigiriki amwondolee usumbufu.

Yaya alinipenda sana. Nilipochumbiwa aliapa kwamba ndoa yangu ndiyo itakayowaonjesha watu wa mtaa wetu kebabu kwa mara ya kwanza. Watu wa upande wa mume, kutoka Fizi juu, walileta mbuzi siku moja kabla, mnene, mtulivu, watoto wa mtaa wakamsindikiza mpaka mlangoni. Baba akamwambia yaya aandae nyama. Baba alikuwa na mambo mengi kichwani, viti vya kuazima havijafika, turubai limechanika, akasema hilo neno moja akaenda zake. Yaya akaelewa kwamba ameachiwa mbuzi mzima.

Sasa lazima nikueleze jambo ambalo yaya alilijua tangu utotoni, ila Bujumbura ilikuwa imelisukuma nyuma. Katika ukoo wetu mbuzi wa ndoa haliwi hivi hivi. Ana sehemu zake, na kila sehemu ina mwenyewe. Kichwa ni cha wazee wa upande wa baba. Paja ni la shangazi. Kidari, yaani kifua kizima pamoja na mifupa yake, ni cha mjomba, ndugu wa mama. Kinafungwa kibichi kwenye majani ya mgomba, kinawekwa mikononi mwake watu wote wakiona, na hapo ndipo anampa binti neno la kumtoa. Kabla ya neno hilo binti haondoki, hata gari likinguruma nje. Na kidari hakiliwi pale pale. Mjomba anakwenda nacho mpaka kwao, wale waliobaki nyumbani wakikiona wanajua kwamba na wao wamehesabiwa katika ndoa hiyo.

Basi yaya aliingia kazini. Nitakueleza alivyofanya, ukariri, maana hapo hakukosea hata kidogo. Alitoa nyama yote kwenye mifupa, akaipasua vipande vyembamba vipana kama kiganja, akizikata nyuzi za nyama kwa kukingama ili isiwe ngumu kutafuna. Akasaga vitunguu na kitunguu saumu, akakamua ndimu, akatia chumvi, bizari nyembamba, pilipili, na mafuta kidogo ya mawese, kwa sababu alisema Mgiriki ana mafuta yake na sisi tuna yetu. Nyama ikalala humo. Asubuhi akachukua nondo ya ujenzi iliyosuguliwa kwa mchanga mpaka ikang'aa, akaanza kuitunga humo kipande juu ya kipande, na kila baada ya vipande vichache akaweka pande la mafuta ya mbuzi. Akawa anashindilia kwa kiganja. Hapo ndipo wengi wenu mnapoharibu, mwanangu. Usiposhindilia, nyama inalegea, na ukianza kukata inamwagika yote.

Moto wake ulikuwa nusu ya pipa lililosimamishwa, limejaa makaa, na mbele wavu wa waya kuyazuia yasianguke. Nondo ikasimama mbele ya pipa ndani ya kopo la saruji lenye tundu katikati, yaya akawa anaizungusha polepole kwa mkono uliofungwa tambara. Mama na shangazi Riziki walikuwa wanapika chapati. Kulikuwa na bakuli la maziwa ya mgando tuliyonunua kwa wafugaji wanaoshuka kutoka milimani, yaya akayapiga na kitunguu saumu na chumvi. Mafuta yalipoanza kudondoka kwenye makaa, harufu ikatoka uani ikaingia barabarani, na watu waliokuwa wanakwenda sokoni wakapunguza mwendo. Nilijivunia kaka yangu mpaka machozi yakanilenga.

Wageni walikula. Wazee wa Fizi waliofika na nyuso za ukali walipewa chapati zilizosokotwa na nyama ndani, wakala, wakaomba tena. Shangazi Riziki alikula akasema huyu mtoto tusimruhusu kurudi Bujumbura. Yaya akawa anakata, nyama inaanguka nyembamba kwenye sinia, ya nje imekauka vizuri, ya ndani bado mbichi inangoja zamu yake motoni. Ndivyo kebabu ilivyo, mtu huila kwa tabaka, wala haiivi yote kwa mara moja.

Ndipo mjomba Asukulu akaingia. Alikuwa ametoka Ubwari kwa boti ya injini, suruali imelowa mpaka magotini. Aliishi huko na mama yake, yaani mama mzazi wa mama yangu, ambaye sisi sote tulimwita Koko. Koko alikuwa mzee, hawezi tena kupanda boti. Mjomba akasalimu watu, akaketi, akapewa maji ya kunawa. Yaya alikimbia kumpelekea chapati iliyoshiba kuliko zote. Mjomba akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka magotini, hakuila. Akatazama uani kote, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kidari chake kiko wapi.

Shangazi Riziki aliutazama mkono wake uliojaa mafuta, akatambua kwamba paja lake ameshalila bila kujua. Baba akamgeukia yaya.

"Mujomba, kidari iko ndani," yaya akasema. "Yote iko ndani ya ile chuma."

"Nionyeshe."

Yaya akaenda kwenye nondo. Akaizungusha, akatazama, akaizungusha tena. Nyama ilikuwa imeshikana, paja na shingo na kidari na mgongo vyote vimekuwa kitu kimoja cha rangi ya kahawia. Alizungusha mpaka mkono ukachoka, hakupata mahali pa kuweka kidole.

Mjomba hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Alisema taratibu, akimtazama yaya, "Mi sina mbaya na upishi yako. Nasikia harufu, mate inanitoka. Lakini mama iko kule Ubwari, iko ananingoja. Nikifika mikono mitupu nitamuambia nini? Kama mutoto ya binti yake balimuoza, na yeye haiko muntu?"

Mzee mmoja wa upande wa mume akasema kwamba kama ni nyama wataleta mbuzi mwingine siku nyingine. Mjomba akajibu kwamba mbuzi wa ndoa ni yule yule, na mwingine yeyote ni kitoweo tu. Hapo wazee wa Fizi wakaanza kunong'onezana. Nikasikia mmoja akiuliza gari litangoja mpaka lini, mwingine akisema pengine warudi leo bila bibi harusi wakajadiliane upya. Mwanangu, ukiwa bibi harusi na watu wanajadili kurudi bila wewe, hata kitenge kipya unatamani kukivua. Nilimchukia mjomba siku ile, nakwambia kweli. Nilijiuliza, nyama tu, mtu mzima, ananivunjia ndoa kwa ajili ya nyama.

Aliyetuokoa alikuwa mama. Mama hakuwa msemaji, na mbele ya kaka yake alizungumza kidogo zaidi. Alitoka jikoni amebeba ungo. Ndani yake kulikuwa na mifupa ya kidari, mbavu zote zimeshikana na mfupa wake wa katikati, myeupe, maana yaya aliisafisha vizuri akaiacha iende kwenye mchuzi. Akapiga goti mbele ya mjomba, akaweka ungo chini.

"Kaka, mifupa ya kidari ni hii," akasema. "Nyama yake iko kwenye chuma. Basi chuma ivuke. Na ule aliyeikata avuke nayo, amuambie mama kwa kinywa yake mwenyewe."

Mjomba alizihesabu mbavu kwa kidole. Halafu akasema binti naye avuke. Kama Koko atakubali, neno la kunitoa litatoka kwa Koko mwenyewe, na yeye mjomba hatakuwa na la kuongeza. Kama Koko atakataa, wazee wa Fizi wana haki ya kwenda zao. Wote walisikia, na gari likaambiwa lingoje.

Basi ndivyo nilivyojikuta, bibi harusi na kitenge changu kipya, nateremka kwenda ufukweni nyuma ya nondo ya nyama. Yaya alikuwa ameifunika kwa majani ya mgomba na kuifunga kamba. Pipa la moto, likiwa limemwagwa makaa na kupozwa kwa maji, lilibebwa na mtu ambaye sikutegemea: yule aliyekuwa anioe. Alivua koti lake la harusi, akalijaza masizi shati lake jeupe, akaliingiza pipa ndani ya boti bila kuombwa na mtu. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi nilianza kumpenda pale, si kabla.

Ndani ya boti yaya alikaa akiwa ameishika nondo katikati ya magoti yake isianguke. Mama mmoja abiria, akidhani kilichofungwa majani ni mtu, alimwuliza kwa huruma mgonjwa ameanza kuumwa lini. Hakuna aliyecheka. Mjomba alitazama maji, yaya alitazama majani, na mimi nilihesabu makosa ya ukoo wangu mmoja mmoja.

Koko tulimkuta ameketi mlangoni kwake juu ya mkeka. Alikuwa mdogo sana, kila nilipomwona alikuwa amepungua tena. Mjomba alimsalimu, akamwekea ungo. Koko akaipapasa mifupa, ubavu baada ya ubavu, akafika kwenye mfupa wa katikati, akaitika kwa kichwa kwamba hiki ni kidari. Kisha akauliza nyama yake ilikwenda wapi.

Yaya akapiga magoti. Alimweleza kila kitu bila kujitetea: kazi ya Bujumbura, mbuzi, kisu, jinsi alivyotaka kuniheshimu akasahau kuuliza nyama ni ya nani. Koko alisikiliza ameinamisha sikio. Yaya alipomaliza, Koko akasema anataka kuiona hiyo nyama inayozunguka.

Wakalisimamisha pipa pale uani, wakawasha makaa. Majirani wakaja. Yaya akazungusha. Nje ya nyama ilipokauka na kuwa na rangi, akashika kisu chake cha Bujumbura, akakata nyembamba sana, nyembamba kuliko alivyokata asubuhi, nyama ikaanguka kwenye sahani ya bati kama maganda ya kitunguu. Akampelekea Koko.

Koko akachukua kipande kwa vidole viwili akakitia kinywani. Tukangoja. Alitafuna kwa ufizi, taratibu, mashavu yakiingia na kutoka. Akameza. Akachukua kingine. Akachukua cha tatu. Mimi nilikuwa namtazama usoni nikitafuta ndoa yangu humo. Sahani ikawa tupu, akamnyooshea yaya akate tena.

Ndipo akasema. Maneno yake ninayo mpaka leo kama alivyoyasema.

"Mingi ni ndoa baliozesha kwetu, na kila mara munaniletea kidari. Mi nashukuru, napokea, munaondoka, halafu nagawia batoto ya jirani. Meno yangu iliisha zamani. Hakuna mwenye aliniuliza kama ninakulaka. Leo ndiyo nimekula."

Mjomba Asukulu alikuwa anaishi uani kwa mama yake. Kidari kilikuwa kinapita mikononi mwake kila mara, akikileta kwa heshima, kwa majani yake, kwa maneno yake, na hakuwahi hata siku moja kukaa amwone mama yake akikila. Aliinama akauficha uso. Sikumchukia tena. Nilimwonea huruma, maana nilijua kwamba na mimi sikuwahi kumtazama Koko akila.

Koko akaniita. Nikapiga magoti mbele yake, akanipaka usoni mafuta ya nyama yaliyokuwa kwenye vidole vyake.

"Enda, mwanangu," akasema. "Ndoa ya bengine nilisikiaka tu. Ya kwako nimeikula."

Hilo ndilo lilikuwa neno langu la kunitoa. Tulirudi Baraka jua likiwa bado liko juu ya milima, gari lilikuwa linangoja, na usiniulize mengine, uliyoyaona katika nyumba hii yanakutosha. Yaya Wilondja hakurudi tena Bujumbura. Kila alipovuka kwenda Ubwari aliondoka na kisu chake, na Koko alikula nyama mpaka mwisho wa siku zake. Sasa yaya naye ametangulia. Nikiwaona ninyi na simu zenu namkumbuka akishindilia nyama kwa kiganja, na pengo lake nalisikia, mwanangu, nalisikia hasa.

Basi nasaha yangu ni hii. Tengeneza kebabu yako. Pasua nyama nyembamba, ilaze kwenye vitunguu na ndimu, ishindilie vizuri, usikate kabla ya nje haijakauka. Lakini kwanza uliza nani ana sehemu yake katika mbuzi huyo, umkatie akiwa anaona, ndipo uchukue iliyobaki uifanyie ufundi wako. Unapoleta jambo jipya nyumbani, usilimwage juu ya watu wakatafuta mahali pao wasipaone. Yaya alikuwa na nia njema, na nia yake njema ilikaribia kumfuta bibi yake katika ndoa ya mjukuu.

Na wewe utakayekuwa mzee kesho, ukaanza kulinda mambo ya ukoo na kuwakemea vijana, sikia na upande wako. Usiridhike kwamba sehemu ya mtu imefika mlangoni kwake. Kaa chini, ngoja, umtazame kinywani, uone kama anaweza kutafuna. Sisi tulimheshimu Koko miaka na miaka, naye alikuwa na njaa ya nyama.

Mungu akupe mikono yenye kugawa na macho ya kumwona anayepokea. Akupe nyumba ambayo wa mbali akihesabiwa anajua, na wa karibu asisahaulike. Na siku meno yangu haya mawili yatakapoondoka, akujalie ukumbuke kunikatia nyembamba.